Kapinga Aletwe Akiwa na Miaka Mitatu

Johannesburg, Jumapili baada ya misa

Binti yangu Ngalula,

Kosa wanalofanya watu wengi wenye mtoto mdogo ni kungoja mpaka mtoto awe na umri wa kukumbuka. Nalitaja kabla hata ya salamu kwa sababu wewe na mume wako mko karibu kulifanya, na mimi nililifanya kabla yenu. Sasa nimekwisha kulisema, nikusalimu vizuri kama inavyopasa.

Hamjambo hapo Manika, Kolwezi? Kifua cha Ilunga kimepona, au bado anakohoa vumbi la barabarani? Na huyu mama yako mdogo wa mwili, Kapinga, meno ya nyuma yamekwisha kutoka? Nilicheka sana uliponiandikia kwamba majirani husimama kwenye ua kukusikiliza ukimbembeleza: "Mama, kula basi, mi nakuomba." Ndiyo desturi yetu, amechukua jina la marehemu mama yako, basi kwako ni mama, na kwangu ni mke. Mwambie mume wake anamsalimu kutoka mbali, na kwamba hajaoa mwingine.

Sisi huku tunaendelea. Ndugu yako Mukendi bado yuko kwenye gereji, mikono imejaa grisi hata siku ya misa. Mimi ninalinda magari ya watu wanaokuja kusali na kununua dukani kwenye barabara ya juu. Usihuzunike kusikia hivyo. Ni kazi ya kusimama na kuangalia, nami nimesimama na kuangalia maisha yangu yote. Hapo kwenye kona yuko mama mmoja anayechoma mahindi. Mwanzoni kila nikipita alinirushia neno "kwerekwere", ndilo jina wanalotuita sisi ambao lugha yetu haiingii masikioni mwao. Siku moja nilisimama mbele ya jiko lake, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: "Mama, kule nilikotoka nako waliniambia nirudi kwetu, na nilikuwa nimezaliwa palepale. Wewe angalau una haki ya kuniuliza." Alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku hiyo ananiita "kwerekwere wangu", na muhindi ulioungua kidogo upande mmoja ni wangu.

Sasa tuje kwenye swali lako. Umeniandikia kwamba Mzee Ramazani, mwenye lori, amekubali Ilunga akulete wewe na mtoto hapa Johannesburg mara moja tu, mkikaa naye mbele, kwa sababu safari nyingine zote kiti kile ni cha msaidizi wake. Mwaka wa kuja amewaachia mchague wenyewe. Na kwa kuwa Mukendi aliahidi kumpeleka Kapinga kwenye bustani kubwa ya michezo ya hapa, ile yenye farasi wa mbao wanaozunguka na magari yanayopanda hewani, unauliza afike na umri gani ili safari isipotee bure. Umenakili na maneno ya Ilunga: "Tukimupeleka sasa atasahau yote. Tungoje afike miaka sita, atapanda bitu byote, na atakumbuka mupaka uzee."

Maneno ya Ilunga si ya kijinga. Ni maneno ya mtu aliyeona mgodi ukifungwa na mshahara ukikatika, akajifunza upya kushika usukani akiwa na ndevu. Mtu kama huyo hataki kupoteza kitu kinachokuja mara moja. Lakini nikukumbushe jambo ambalo labda umelisahau, au labda hujalisahau ila una adabu ya kutolitaja.

Ulipokuwa na miaka minne ulitaka kwenda kuona simba kwenye bustani ya wanyama ya Lubumbashi. Mtoto wa jirani alikuwa ameenda, akarudi na kofia ya karatasi na majivuno. Wewe ulinijia na viatu umevaa tayari, cha kulia mguu wa kushoto. Marehemu mama yako, akiniita baba wa ndugu yako kama kawaida yake, alisema, "Tata Mukendi, umupeleke tu." Nami, kwa akili ya mtu aliyesoma, nilimweleza kwamba mtoto wa miaka minne hana kumbukumbu ya kudumu, kwamba likizo yangu ni chache, kwamba nitakupeleka ukifika miaka minane, mwaka wa komunyo ya kwanza, ili ukae nayo maisha yote. Niliieleza vizuri sana. Mama yako alikuvua viatu.

Mwaka wa miaka minane ulipofika, vita viliingia Kolwezi, tukalala siku kadhaa chini ya vitanda. Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa na jambo lake. Nawe hukuuliza tena. Hicho ndicho ninachokumbuka mimi, Ngalula: kwamba hukuuliza tena.

Basi safari hii sikutaka kujibu kutoka kichwani. Nilimwomba Mukendi tuende kwanza kuiona hiyo bustani, tena tuende na watoto, ili nijue ninachokisema. Katika jengo letu anakaa Mama Zaina, mwanamke mwema wa Kasongo, mumewe husafiri na biashara ya vitenge. Ana watoto watatu: Shabani wa miaka sita, Amina aliyetimiza mitatu, na Yusufu wa mwaka mmoja na nusu. Nilimwambia, "Mama, naomba kuwachunguza watoto wako siku nzima." Akasema, "Wachukue hata juma zima, Babu, utanirudishia ukichoka." Lakini alikuja nao.

Nianze na mdogo. Yusufu alifurahia basi. Tulipofika, muziki na kelele za mashine vilimtia hofu, akalia. Jua likampiga, akalia. Mwisho akalala, na alipoamka akakuta yuko mahali palepale, akalia tena. Mama Zaina alikaa naye kivulini karibu na vyoo tangu asubuhi mpaka tulipoondoka. Aliniambia, "Babu, andika huko Kongo: chini ya miaka miwili, bustani ni ya vyoo." Nimeandika.

Shabani ndiye niliyemtegemea, maana huo ndio umri anaoutaka Ilunga. Kwenye kila mashine kubwa kuna mti wenye alama ya kimo. Mtoto asiyefika alama hapandi. Shabani alipungukiwa upana wa vidole viwili. Alivua viatu akavikanyaga, akanyanyua visigino, akavuta shingo, kijana wa mlangoni akatikisa kichwa. Tangu hapo hakuna kilichomfurahisha. Akipanda kidogo, anaangalia kikubwa. Kabla hajashuka kwenye kimoja anauliza, "Baada ya hii?" Akaniambia kwamba farasi wa mbao ni wa wasichana. Mtoto mzuri, wala simlaumu. Miaka sita ni umri wa kujilinganisha, na mahali pale kila kitu kimewekwa ili mtu ajilinganishe. Atakumbuka siku ile maisha yake yote, hilo ni kweli. Atakumbuka vidole viwili.

Sasa Amina. Amina alipanda farasi mmoja wa mbao, wa rangi ya maziwa, akazunguka mara moja, akashuka, akamshukuru. Kisha akaniuliza:

"Babu, huyu anaenda wapi?"

"Anazunguka tu, mama."

"Hafiki?"

"Hafiki."

"Basi tumpe maji."

Tukatafuta maji. Kumpa farasi wa mbao maji kulichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na mwenye mashine alituvumilia. Halafu tulitazama bata kwenye bwawa, akawapa majina ya shangazi zake. Alikula, alilala saa moja juu ya kanga, aliamka akiwa mpya, akaomba tena farasi yule yule. Hakuuliza hata mara moja ni nini kinafuata. Kwake hakuna kilichokuwa kidogo. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutembea, anaweza kusema ana kiu na anataka kukojoa, anaweza kuogopa na kukueleza anachoogopa. Lakini bado hajui kwamba kuna kitu bora upande wa pili wa ukuta. Dirisha hilo hufunguka kwa muda mfupi. Kabla yake mtoto anabebwa tu, na baada yake anapima. Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza, nami ningeweza kuishia hapo.

Lakini kuna jambo lilitokea siku ile ile, na lazima nikueleze lote, ingawa Mukendi alinishauri nisiandike.

Bustani ile imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu. Na mchezo mmojawapo, ushike kiti vizuri, ni kushuka mgodini. Watu wazima, wenye akili zao, wanapanga foleni, wanavishwa kofia ngumu, wanaingia kwenye kaje, kile kizimba cha chuma, na kushushwa gizani kwa hiari yao, wanarudi wakicheka. Nilisimama pale nikiwafikiria wanaume wa Kolwezi ambao wangetoa kitu chochote leo kushushwa tena kwa mshahara.

Unaijua kazi yangu, lakini nieleze tena ili Ilunga naye aelewe. Miaka ishirini na saba nilikuwa karani wa nyumba ya taa za wachimbaji mgodini. Kila anayeshuka huchukua taa na kuniachia jetoni yake, kile kipande cha shaba chenye namba, naitundika ubaoni. Akipanda, anarudisha taa, anachukua jetoni. Jetoni iliyobaki ubaoni ni mtu aliyebaki chini. Sikuenda nyumbani hata siku moja nikiwa na jetoni ubaoni, na mama yako alikula chakula baridi mara nyingi kwa ajili hiyo.

Basi nikamwuliza Mukendi, "Ubao wa jetoni uko wapi?"

"Tata, hapa ni muchezo tu."

"Hii kaje inashuka kweli-kweli?"

"Inashuka."

"Basi haiko muchezo."

Akacheka, akamshika Shabani mkono mmoja na Amina mwingine, wakashuka na wengine. Mimi nilibaki juu. Nilihesabu: kumi na wanane. Hakuna aliyeniambia nihesabu, mwili wangu wenyewe ulihesabu. Kaje iliporudi nilihesabu tena wanaotoka. Kumi na saba. Nilimwona Mukendi, nilimwona Shabani. Amina hayupo.

Ngalula, nilipiga kelele ambayo sikuipiga hata siku walipotufukuza Kolwezi sisi wenye asili ya Kasai. Nilishika mlango wa kaje kwa mikono miwili nikakataa kundi lingine lisiingie. "Mutoto amebakia chini! Mutoto amebakia chini!" Msichana mwenye kuongoza watu alinisemesha Kiingereza, sikusikia neno. Watu wa foleni walianza kucheka, kisha waliponitazama usoni wakaacha. Mukendi alinijia mbio akisema, "Tata, Tata, wacha," na mimi nikamwambia, "Siachi, hesabu haijatimia!"

Ndipo nikasikia suruali inavutwa upande wa kushoto.

"Babu, mimi niko hapa."

Alikuwa ametoka wa kwanza. Alipita kwenye mkono wangu wa kushoto, akasimama hapo hapo akiningoja, karibu kabisa, kiasi cha kunishika. Sikumwona.

Tulikuwa kwenye basi, watoto wamelala, Mukendi akanigeukia. Akauliza taratibu:

"Tata, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Jicho."

Nikamwambia nilidhani miwani imechafuka. Kwa kweli nilikuwa nimeifuta miwani ile kwa zaidi ya mwaka mzima.

Alinipeleka hospitali. Daktari wa macho ni mama wa makamo, ana subira, alinichorea mpaka nikaelewa: maji ya ndani ya jicho yanakandamiza mshipa wa kuonea, na mshipa ukishakufa haufufuki. La kushoto limekwisha. La kulia bado linaona, lakini kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele nakiona vizuri, hata barua hii naiandika mwenyewe, lakini kingo zinasogea ndani. Amenipa dawa ya matone, na kila siku naweka saa zile zile kama karani. Nilimwuliza bomba litafungwa lini. Akasema matone yanaweza kulichelewesha, lakini hawezi kuniahidi miaka. Nilimwuliza hasa kuhusu miaka mitatu. Akanitazama, akauliza kwa nini mitatu. Nikasema, "Nina mjukuu ambaye mume wa binti yangu anataka kumleta akiwa na sita." Akasema, "Mwambie asingoje." Ndivyo alivyosema, sikuongeza kitu.

Sasa unaona kosa lenyewe lilipo. Tunauliza mtoto ana umri gani, tunasahau kuuliza babu ana umri gani. Kapinga atasahau, hilo namkubalia Ilunga bila ubishi. Atasahau farasi, atasahau bata, atanisahau na mimi. Lakini siku moja ya mtoto haiwi ya mtoto peke yake. Wewe utaikumbuka. Ilunga ataikumbuka kila akipita njia hiyo na lori. Na mimi nitakuwa na uso wa kuweka ndani ya giza. Uso wake nilioushika ni ule wa pale kituo cha treni, tulipokuwa tumelala na magodoro yetu tukingoja wagoni za kutupeleka Kasai. Ulimleta akiwa na wiki mbili, umemfunika kwa kitenge ili watu wasiulize unamtembelea nani. Nilimshika kwa muda wa kuvuta sigara moja. Alikuwa amefumba macho. Mpaka leo sijui macho yake yana rangi gani. Umeniandikia kwamba ni ya mama yako, lakini mtu hujionea mwenyewe.

Kwa Ilunga nina hoja nyingine, ya kidereva, maana najua ya macho yangu itamwia vigumu kuijibu na sitaki akubali kwa huruma tu. Mbele ya lori kuna viti viwili na nafasi ya mtoto wa kupakatwa. Mtoto wa miaka mitatu atalala juu ya mapaja yako mpaka hapa. Wa miaka sita atataka kiti, na kiti hakipo. Tena hakuna ajuaye mipaka ya nchi itakuwaje miaka mitatu ijayo, wala kama lori litakuwapo. Sisi watu wa Kolwezi tulidhani mgodi upo milele.

Mambo machache ya safari. Mje mwezi wa nne, mvua zikiisha huko na kabla ya baridi ya hapa, ambayo ni ya kuuma masikio. Usimwambie Kapinga habari za bustani kabla; kwa mtoto wa umri ule kesho ni mahali asipopajua, atauliza kila kilomita. Mwambie asubuhi ya siku yenyewe. Mletee kitambaa anacholalia, usikifue, kiwe na harufu ya nyumbani. Tutaenda mapema, tutatoka akilala mchana, tutarudi akiamka kama atataka. Tutamwacha achague kitu kimoja akirudie hata mara kumi. Mgodini hatutashuka, hata Mukendi akisema ni mchezo. Na akiniogopa siku ya kwanza, msimlazimishe kunisalimu. Nitakaa kwenye kiti mbele yake, ajizoeze kidogo kidogo. Ila asikae upande wangu wa kushoto.

Nisalimie Ilunga, mkwe wangu, ambaye siku mbaya zilipofika alisimama mlangoni akasema mke wangu haendi popote; mwambie sijasahau. Nisalimie mama yake kule Mutshatsha, umwambie makaa yake ndiyo yaliyowaka vizuri kuliko yote niliyopikia maishani. Nisalimie katekista wa parokia na jirani yako muuguzi aliyekuzalisha. Pita makaburini kwa mama yako, palilia kidogo, umwambie Tata Mukendi ameelewa habari ya viatu. Mukendi anasema, "Umwambie dada yangu alete bunga ya mahindi ya kule," maana wa dukani hapa anauona kama chokaa, ingawa unga ni unga, mletee tu.

Nakukumbatia wewe na mama yako mdogo wa mwili. Mungu awatunze mpaka niwaone.

Leo, usingoje kesho, nenda na Ilunga kwa Mzee Ramazani mkaombe nafasi katika lori la mwezi wa nne.

Tata yako,
Tshibangu